Datsun 240Z ya Safari Rally, modeli ya 1:18: dalili za ubovu, visababishi na tiba

Pasaka ya mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa Datsun 240Z nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao wakiwa na gari la aina ileile. Miaka miwili baadaye Mehta, sasa akisomewa njia na Lofty Drews, akashinda mwenyewe kwa 240Z. Haishangazi basi kwamba mtu wa Nairobi au Kampala akiamua kununua modeli yake ya kwanza ya bei, mara nyingi huangukia hiyo.

Modeli ninayoizungumzia, yaani kigari cha kuweka kabatani, ni ya kipimo cha 1:18: gari halisi limepunguzwa mara 18. Gari halisi lina urefu wa mita 4 na ushei, kwa hiyo modeli inafika sentimita 23 hivi. Mwili wake umemiminwa kwa aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine. Bampa, dashibodi na taa ni plastiki, tairi ni plastiki laini au mpira, grili na vifungo vya mikanda mara nyingi ni bati jembamba, na juu ya hayo kuna stika. Kila kimoja huzeeka kwa njia yake, na dawa ya kimoja ni sumu ya kingine: tina inayotoa gundi kwenye chuma itaila plastiki iliyo jirani kabla hujafunga chupa.

Malalamiko yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia kwa wenye modeli hizi. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi kinachotokea zaidi. Mengi yanahusu modeli yoyote ya gari la michezo la zamani, lakini 240Z ina vituko vyake viwili vitatu.

## Kabla ya kushika bisibisi

Tandaza taulo jeupe mezani ili kidude kikidondoka ukione. Vua pete na saa. Shika modeli kwa chini, kwenye chasi. Taa za ziada na vioo vya pembeni havikuwekwa pale ili vishikwe. Piga picha kila upande kabla hujagusa kitu. Ukishafungua skrubu za chini na viti vikahama, picha hizo ndizo zitakazokuonyesha kipi kilikaa wapi.

Kisha jua mwili umetengenezwa kwa nini. Aloi ya zinki ni nzito, ubaridi wake unausikia mkononi, na sumaku haiivuti. Modeli ikiwa nyepesi na haina hata mlango mmoja unaofunguka, huenda ni ya rezini, plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji ikaganda. Hiyo haiugui ugonjwa wa chuma, ila joto huipinda. Siku hizi zipo pia zenye mwili wa plastiki ngumu na milango inayofunguka vizuri kabisa, kwa hiyo mlango peke yake si ushahidi.

Vifaa vya kutosha ni bisibisi ndogo za saa, kibano cha plastiki, brashi laini ya kupakia poda, pamba za masikio, kitambaa cha kufutia miwani, uzi wa kusafishia meno, gundi nyeupe ya mbao, sumaku ndogo na kioo cha kukuzia. Supaglu nimeiacha nje kwa makusudi. Sababu utaikuta kwenye sehemu ya vioo.

## Boneti au mlango haufunguki, au ukifunguka haufungi tena

Unavuta upande usio wake. Hili ndilo linalovunja 240Z nyingi zaidi. Boneti ya gari hili ina bawaba mbele, karibu na grili. Inainuka kuanzia upande wa kioo cha mbele na kulalia puani. Aliyezoea magari ya siku hizi huingiza ukucha juu ya grili, anavuta, na bawaba mbili nyembamba zinakatika kwa mara moja. Pitisha kipande cha uzi wa meno chini ya ukingo wa boneti ulio karibu na kioo cha mbele, kisha inua taratibu kwa ncha zote mbili za uzi. Baadhi ya watengenezaji huweka ndani ya boksi kijiti chenye ndoano kwa kazi hii, na mara nyingi kimejificha kwenye tundu la sponji. Mlango wa nyuma wenye kioo una bawaba juu, paani, na huo hausumbui watu sana.

Vifungashio vya kiwandani bado vimo. Modeli mpya husafirishwa ikiwa na vipande vyembamba vya plastiki kati ya mlango na mwili ili rangi isisuguane njiani. Wakati mwingine kuna kingine chini ya boneti au nyuma ya gurudumu. Mulika tochi kwa pembeni kwenye kila mwanya. Ukiona kitu kinachong'aa, kivute kwa kibano kufuata urefu wa mwanya. Ukikichomoa kwa kukatiza mwanya utabandua rangi ya ukingo.

Rangi imeshikana na rangi. Hutokea kwa modeli iliyokaa dukani au stoo imefungwa kwa muda mrefu mahali pa joto. Uzi wa meno unatosha, ukipitishwa kuzunguka mwanya wote kama anayekata sabuni kwa uzi. Usitumie wembe. Mlango ukishafunguka, uache wazi siku kadhaa.

Bawaba imejipinda au springi imetoka. Mlango unaning'inia, au unagonga kizingiti. Hapa tumia sumaku. Mkono wa bawaba ukivutwa na sumaku ni chuma cha kawaida au waya wa feleji, na unaweza kuurudisha kwa koleo dogo, kidogo kidogo. Usipovutwa, chukulia kuwa ni zinki, na zinki iliyomiminwa haipindi. Inavunjika kwa ghafla na bila kutoa onyo. Hapo usinyooshe kitu. Legeza skrubu za mwili, angalia kama bawaba imetoka tu kwenye kiti chake, na uirudishe.

Mwili umevimba. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri miaka yote sasa unabana pande zote, na hakuna aliyeudondosha. Soma sehemu ya rangi hapa chini kabla ya kufanya lolote.

Acha hapa: ukivuta ukaona chuma kinajikunja lakini mwanya haufunguki, usiongeze nguvu. Mfikishie mtu anayerekebisha modeli afungue mwili kutokea chini.

## Rangi imetoka vipele, malengelenge au nyufa

Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema kuliko inavyostahili, au huharibu kwa haraka kuliko ugonjwa wenyewe ungefanya. Washa taa moja tu, iweke pembeni ya modeli kwa chini, zima nyingine. Tazama kwa kioo cha kukuzia. Unatafuta kujua kama uvimbe uko kwenye rangi peke yake au kwenye chuma.

Unyevu na uchafu chini ya rangi. Ndicho kisababishi kikuu. Mwili wa zinki usiposafishwa vizuri kabla ya kupakwa, yakabaki mafuta au chumvi ya vidole, hewa yenye unyevu hupenya rangi polepole na kuifikia zinki. Zinki hugeuka unga mweupe, unga unahitaji nafasi kuliko chuma kilichokuwapo, na rangi inainuliwa. Vipele vyake ni vidogo na huanza kwenye kingo: ukingo wa mlango, kuzunguka kioo cha mbele, mdomo wa boneti, matao ya magurudumu. Mombasa, Tanga, Unguja na Muscat ni mahali pagumu kwa modeli, maana joto, unyevu na chumvi ya baharini vinakuja pamoja. Kibaya zaidi ni kuitoa modeli kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi barazani mchana. Mwili wake bado ni baridi, hewa ya nje ni ya moto, na umande unatanda hadi kwenye maungio ya ndani usikoweza kufuta.

Tiba yake ni ya nje ya modeli. Nunua kipimo cha unyevu cha bei nafuu, kiweke ndani ya kabati la kioo. Jitahidi kibaki kati ya asilimia 40 na 50, kwa vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo unavikausha au kuvibadilisha vikishajaa. Piga picha ya vipele kila mwezi ukiweka rula kando. Visipokua, viache. Kutoboa lengelenge ni kufungulia unyevu mlango. Kuyasugua na kupaka upya eneo hilo kunawezekana, ila modeli hiyo haitakuwa tena na rangi ya kiwandani, na kwa mnunuzi anayejua, hilo ni jambo kubwa kuliko vipele vitano mlangoni.

Plastiki iliyogusa rangi. Mtu anaipenda modeli yake, anaizungushia nailoni kisha anairudisha kwenye boksi. Nailoni iliyobana huacha alama za mikunjo, na penye joto huacha malengelenge. Sponji ya zamani nayo huoza ikawa ute unaonata. Itoe, iache modeli ipumue. Baadhi ya alama hufifia zenyewe baada ya wiki. Ute wa sponji ulainishe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ukigusa na kuinua bila kukwangua.

Nta isiyo na chembe za kusugulia inasaidia kwenye wekundu unaong'aa. Kwenye boneti nyeusi usiiguse kabisa. Boneti ile imepakwa rangi isiyong'aa, kama ya gari lenyewe, ambayo ilikusudiwa kuzuia mwanga wa jua usirudi machoni mwa dereva. Ukiisugua, hata kwa kitambaa kikavu, utapata doa linalong'aa ambalo halirudi.

Kemikali. Sabuni za mikono zenye spiriti, tina, dawa ya mbu ya kupuliza, manukato. Rangi imelainika, ikakunjamana au imepoteza mng'ao penye alama za vidole. Ukiwahi, iache ikauke bila kuguswa. Ukichelewa, hakuna la kurudisha.

Ugonjwa wa zinki. Huu ni adimu kwa modeli za sasa, lakini ndio pekee unaoua. Aloi ikiwa na madini ya risasi kuliko chembe chache zinazoruhusiwa, kutu hupita katikati ya punje za chuma, ndani kwa ndani, na chuma kinatanuka. Mwili unapasuka kwa nyufa nyembamba zinazogawanyika kama utando, chasi inajipinda, boneti inakuwa kubwa kuliko shimo lake, na mwishowe pembe zinameguka kwa kidole. Dinky Toys za Liverpool za miaka ya 1930 zinajulikana kwa hilo. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ilitoa aloi inayotumia zinki safi sana na tatizo likapungua mno, ila hurudi popote kiwanda kinapochanganya chakavu chenye risasi kwenye sufuria.

Namna ya kuutofautisha: lengelenge la rangi ukilibonyeza kwa kijiti cha meno linabonyea kidogo. Ufa wa ugonjwa huu unaendelea upande wa ndani wa mwili, ambako hakuna rangi. Fungua boneti, tazama chini yake. Ukiona mstari uleule pande zote mbili na modeli haijaanguka, jibu umelipata.

Hauna dawa. Mahali pakavu na pa baridi huuchelewesha, basi. Wala hauambukizi, modeli iliyo jirani kabatani haitaupata, hata kama muuzaji amekuapia. Usimwage gundi kwenye ufa, maana chuma kinaendelea kutanuka na kitapasukia kando ya gundi.

Acha hapa: ukiona nyufa kwenye chasi au kwenye nguzo za magurudumu, usifungue skrubu yoyote na usiitume modeli kwa posta. Kama ni kigari cha zamani sana, chukulia kuwa rangi yake ina risasi. Usiipige msasa nyumbani, nawa mikono baada ya kukigusa, na watoto wasikichezee.

## Tairi zinanata au zimekula kibao

Tairi nyingi za modeli ni plastiki iliyotiwa mafuta ya kulainisha. Miaka ikipita, hasa penye joto, mafuta hayo hutoka nje, na kwa kuwa kazi yake ni kulainisha plastiki, hulainisha pia ile iliyo chini ya tairi. Kibao cha plastiki cha maonyesho kinabonyea, tairi inazama, na siku unayoinua modeli unabaki na kipande cha mpira pale chini.

Usiinue. Dondoshea maji ya sabuni kuzunguka tairi, subiri, kisha pitisha uzi wa meno chini yake kama unavyofanya kwenye boneti. Ikishatoka, osha tairi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, ipake poda ya talki kidogo, uifute. Tangu hapo weka vipande vya kioo au karatasi ya alumini ya jikoni chini ya magurudumu. Bora zaidi, egemeza chasi kwenye vibao viwili vidogo ili tairi ziguse tu bila kubeba uzito.

Tairi iliyokuwa bapa upande mmoja ni matokeo ya uzito uleule. Ikitoka kwenye rimu kirahisi, itie kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika chache, iumbe kwa vidole, irudishe. Ikikataa kutoka, zungusha gurudumu robo mzunguko kila unapofuta vumbi.

Nyufa kwenye tairi zimetokana na jua na umri, na dawa ni kubadilisha. Dawa ya kung'arishia tairi za gari kubwa isikaribie hapa. Inazidisha kunata na inatambaa hadi kwenye rangi. Vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu kukinga tope, kama modeli yako inavyo, huugua ugonjwa huohuo na hutibiwa vivyo hivyo.

## Stika zinabanduka, zimepasuka au zimegeuka manjano

Gari la Safari bila namba ni 240Z nyingine yoyote, kwa hiyo hapa pana thamani kubwa kwenye kitu chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kwanza jua ni stika au ni chapa. Chini ya mwanga wa pembeni, stika ina ukingo wa utando unaong'aa kuzunguka herufi. Chapa iliyopigwa kiwandani kwa muhuri laini haina ukingo. Chapa haibanduki, ila spiriti huifuta kwa mpapaso mmoja. Usisafishe mlango wenye namba kwa kitu chochote zaidi ya maji.

Stika hubanduka zaidi penye mwanya wa mlango au penye mkunjo wa mwili, kwa sababu haikulainishwa vizuri ilipobandikwa. Tia tone la maji, ilainike. Ikiinuka, ingiza chini yake gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kwa brashi nyembamba kabisa, ilaze kwa pamba yenye unyevu ukitokea katikati kwenda nje. Ipo pia dawa maalumu ya kulainishia stika inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya modeli. Inafanya kazi nzuri, na kwenye stika kuukuu inaweza kuikunjamanisha isirudi. Ijaribu kwanza kwenye stika ndogo isiyoonekana, kwa mfano iliyo karibu na bampa ya nyuma.

Stika iliyopasuka kama tope lililokauka haibanduliwi nzima. Ifunike kwa utando wa vanishi ya maji isiyong'aa ama inayong'aa kulingana na rangi iliyo chini, au iache.

Manjano ni uzee wa utando. Utasikia ushauri wa kuianika dirishani ili jua liutoe. Unafaa kwa karatasi ya stika ambayo bado haijabandikwa. Kwa modeli nzima, jua litapausha wekundu wa mwili kabla ya kuondoa manjano, na nyekundu ni miongoni mwa rangi zinazopauka upesi.

Ukiagiza stika mpya, hakikisha zimechapwa kwa kipimo cha 1:18. Za 1:24 zinauzwa sana, na mnunuzi hugundua namba 11 imekuwa ndogo akiwa ameshaikata. Mahali pa kuzibandika pafuate picha za mashindano yenyewe za mwaka 1971, wala usichanganye na za 1973.

## Vioo na lenzi za taa zimekuwa na ukungu

Ukungu mweupe kama unga karibu na mahali palipotiwa gundi ni supaglu. Inapokauka hutoa mvuke unaoganda juu ya plastiki angavu, na ndani ya gari lililofungwa mvuke huo hauna pa kwenda. Ndiyo sababu nimeiacha nje ya orodha. Ukungu ukiwa mpya, mara nyingi hutoka kwa kitambaa cha miwani na maji. Ukishakomaa, unahitaji kioo kitolewe na kung'arishwa kwa dawa laini ya plastiki.

Kama hakuna aliyetia gundi, angalia kama ni vumbi lililochanganyika na mafuta ya plastiki za ndani, yanayopanda na kutanda kwenye kioo cha mbele. Pamba ya masikio yenye maji ya sabuni kupitia mlangoni inatosha. Dawa ya kusafishia vioo vya dirisha na spiriti ziepuke, kwa maana plastiki angavu hupasuka vijistari ambavyo havifutiki. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, inaiyeyusha kabisa.

Ukungu unaokuja asubuhi na kuondoka mchana ni umande. Rudi kwenye habari ya kipimo cha unyevu.

## Gari limeinama, haliendi sawa, au gurudumu moja halikati kona

Anza kwa kutazama chini. Skrubu ya kibao cha maonyesho iliyokazwa kupita kiasi huvuta chasi na kuinamisha upande mmoja. Ilegeze nusu mzunguko uone. Kisha tafuta kifungashio cha plastiki kwenye ekseli.

Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kugeuka pamoja. Moja likigeuka peke yake, kijiti cha plastiki kinachoyaunganisha kimetoka kwenye kinundu chake, na kwa kawaida hurudi kwa kubonyezwa kwa ncha ya kibano hadi kilie. Usukani usipogeuka pamoja na magurudumu usihangaike mara moja: modeli nyingi hazikuunganishwa hivyo tangu kiwandani. Tazama maelezo ya boksi kabla ya kulazimisha.

Springi ndogo ikiwa imetoka, modeli hukaa chini kona moja na kurudi ukiibonyeza kona ya pili. Ukibonyeza na kusikia mchakacho wa kitu kilichovunjika, acha.

Ekseli za chuma hupata kutu pwani. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ncha ya sindano, zungusha, futa yote yanayobaki. Mafuta ya kupuliza kutoka kwenye kopo huenda kila mahali, pamoja na kwenye stika.

## Kipande kimedondoka

Kioo cha pembeni, taa ya ziada, antena, kizibo cha mafuta. Kiweke mara moja kwenye mfuko mdogo ulioandikwa, hata kama hukusudii kukirudisha leo. Tazama mahali pa kuvunjika kwa kioo cha kukuzia. Kikiwa safi na laini, gundi tu imeachia: kwangua mabaki kwa kijiti cha meno, tia gundi nyeupe, shikilia kwa mkanda wa karatasi usiogusa stika, acha usiku kucha. Kikiwa na uso wa punjepunje, chuma chenyewe kimekatika, na gundi juu ya uso mdogo hivyo haitadumu. Hapo hutobolewa tundu dogo pande zote mbili na kutiwa kipini cha waya. Ni kazi ya mkono uliozoea.

Usimpelekee fundi wa kuchomelea, hata akiwa rafiki. Aloi ya zinki huyeyuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi. Feleji anayoizoea yeye huyeyuka zaidi ya 1,400. Kabla hajaona cheche, boneti itakuwa imetiririka mezani. Hata risasi ya kulehemu ya fundi redio huunguza rangi na plastiki zilizo jirani.

Kama skrubu za chini zimekula kichwa, bisibisi iliyo sawa na mpira mpana wa kufungia karatasi uliowekwa katikati mara nyingi huzitoa. Zikikataa, mpelekee fundi saa. Ana bisibisi za kila kipimo na jicho la kazi hiyo. Mwambie mapema kwamba mwili ni zinki, kwamba skrubu zimeingia kwenye zinki moja kwa moja bila nati, na kwamba zikirudi zikazwe kwa vidole viwili tu. Stika na boneti nyeusi vifunike kwa karatasi laini kabla ya kumkabidhi.